Miliampia Mbili

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi:
Kasele hulisema hilo kila transfoma inaposhushwa mkokotenini,
kisha ananitazama mimi, Nyamizi binti Nkwabi,
kana kwamba methali imetungwa leo asubuhi
kwa ajili ya mgongo wangu.
Nabeba. Sina jibu la haraka.

Karakana iko Ng'ambo, ukuta kwa ukuta na wauza asali.
Nyuki waliopotea huja kuichunguza lehemu ya moto,
na nta hunukia pamoja na moshi wetu.

Amplifaya ilitoka klabu ya reli, pale Tabora stesheni:
chasisi ya chuma, valvu nne, mbili nyembamba, mbili nene,
na juu ya kila anodi ndogo kikinza kimoja
kilichoungua ubavu hata michirizi ya rangi haisomeki.
"Weka vingine vya laki moja," alisema Kasele.
"Ndivyo tulivyofundishwa. Usiniletee ubishi."

Sikubisha. Nilifikiri.

Kikinza si kiovu. Ni mpagazi mwenye hesabu zake:
anodi ikiinama, anamimina mkondo;
anodi ikiinuka, anabana.
Valvu inataka kuimba, na pumzi nyingi
inaishia katika kumbembeleza yeye.
Halafu hana siri. Kila mgurumo wa umeme wa mtaani
anaupitisha chini, mmmm, mpaka kwenye spika.

Kasele alipokwenda kuswali isha
nikafumua televisheni iliyopasuka kioo,
nikatoa transista mbili zilizozoea volti nyingi.
Moja juu ya kila anodi.
Kitaa chekundu cha kuipa kipimo,
kikinza kidogo, kidogo kama punje ya mtama, cha kuweka kiasi.
Mkono mmoja kazini, mmoja mfukoni,
kama yeye mwenyewe alivyonifundisha
mbele ya volti mia tatu.

Mshale wa mita ukasimama: miliampia mbili.
Anodi ikapanda. Mbili.
Ikashuka. Mbili.
Treni ya Mpanda ikaingia, umeme wa mtaa ukalegea,
balbu ya dari ikawa na rangi ya chai ya rangi.
Mbili.
Sijapata kuona kitu kisicho na roho
kikishika ahadi namna ile.

Maana Kasele huapa kwamba transista haina pumzi,
haiwaki, utajuaje kama i hai?
Lakini mimi sikuipa kuimba. Niliipa kusimama.
Valvu ndiyo iimbe, peke yake, kwa kimo chake chote.

Asubuhi akaweka santuri ya bendi ya wafanyakazi
iliyovunjika kabla sijazaliwa.
Akangoja ule mmmm utangulie, kama siku zote.
Haukuja.
Akagonga kabati. "Imekufa?"
Ndipo gitaa la besi likaingia chumbani kwa miguu yake,
na baina ya beti mbili
mtu akakohoa.

Kasele akageukia mlango. Hapakuwa na mteja.
Akarudisha sindano.
Mtu akakohoa tena, palepale.
"Mlekwa," alisema polepole. "Mpiga tarumbeta.
Tulimwambia abaki nyumbani na kifua chake."

Miaka yote ile ameicheza santuri hiyo,
na miaka yote ile Mlekwa alikuwa nyuma ya mgurumo,
ameziba mdomo kwa kiganja.

Akainama nyuma ya chasisi, miwani puani.
"Na hiki chekundu?"
"Ni mzigo."
"Mzito?"
"Mwepesi. Ila hauyumbi."

Akakaa kimya kitambo.
Nyuki aliizunguka valvu yenye joto, akaghairi.
"Funga kifuniko," akasema. "Wateja wasione."
Kisha akarudisha sindano
kwenye kikohozi.